Sahihi ya Luhende

Siku Evelina Shimba alipokutana na Nathaniel Okomo alikuwa amevaa viatu vyeupe, na mtu anayekwenda mwalo wa samaki wa Kirumba mwezi wa tatu akiwa na viatu vyeupe ana lake jambo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Dagaa walikuwa kila mahali, kwenye magunia, kwenye mabeseni, kwenye maturubai yaliyotandazwa chini, nao wameanza kunuka kwa kukosa jua. Akina mama wachuuzi walikuwa wakigombea nafasi chini ya paa moja lenye matundu. Evelina, na gauni lake la kitenge cha bluu na kamera shingoni, akaruka dimbwi la kwanza, akaruka la pili, la tatu likampata.

"Dada, usikanyage hapo," sauti ya kiume ikasema.

"Ungesema mapema!"

"Nimesema ulipofika. Wewe ndiye umekuja na mwendo wa mtu anayewahi harusi."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Evelina alitaka kukasirika, lakini yule kijana alikuwa ameshaweka bisibisi yake chini, amechuchumaa, anakivuta kiatu kutoka kwenye tope kwa vidole viwili. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na ovaroli yake ilikuwa imepauka magotini. Akakisuuza kiatu kwenye ndoo, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe, akamkabidhi.

"Natoka chuo kikuu, kitengo cha habari cha Ndaki," Evelina alisema akijaribu kurudisha heshima yake. "Nimeambiwa kuna mwanafunzi wetu hapa ana mashine ya kukaushia dagaa."

"Mmoja ni mimi. Mwingine hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Amefariki. Mwezi wa kumi na moja, pikipiki ilimgonga Buhongwa. Anaitwa Luhende." Alisema anaitwa, hakusema aliitwa. "Andika hivyo tafadhali. Wazo ni lake. Mama yake anauza dagaa kule Sengerema, na kila masika walikuwa wanamwozea. Mimi nilikuwa fundi wake tu."

Evelina aliandika. Wala tusimsingizie, aliandika kila neno, na aliweka hata mstari chini ya jina la Luhende.

Ndaki ya Biashara na Teknolojia, ndani ya chuo kikuu kimoja pale Mwanza ambacho sitakitaja, ilikuwa na ukurasa wake mtandaoni ulioitwa Habari na Mafanikio. Kila Ijumaa lilipanda fanikio moja, picha moja, jina moja. Hiyo ilikuwa sheria ya Bwana Revocatus, mkuu wa kitengo. "Watu hawasomi kundi," alikuwa akimwambia Evelina huku akipuliza chai yake. "Watu wanasoma sura. Nipe sura." Evelina alikuwa na mkataba wa miezi sita sita, ameuhuisha mara nne, na kila ulipokaribia kuisha alikuwa akikonda. Habari ya mashine ilitoka ikiwa fupi, ikimtaja Okomo juu na Luhende kwenye mstari wa mwisho. Okomo alimpigia simu jioni ile ile.

"Nimeisoma, Mwandishi. Asante kwa kumweka."

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Nimeomba kwenye kitengo chenu. Nimesema nina taarifa ya dharura."

"Dharura gani?"

"Kiatu. Nataka kujua kimekauka?"

Basi, hapo ndipo ilipoanzia, na ilipoanza haikuwa na breki. Alimwita Mwandishi, naye akamwita Fundi. Alimpigia asubuhi kabla hajapiga mswaki, alimpigia mchana akiwa karakana, mashine ya kukerezea ikilia nyuma yake.

"Umekula, Mwandishi wangu?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chipsi."

"Hicho si chakula mpenzi, hiyo ni adhabu. Nani kakufunga?"

"Umenifunga wewe. Nasubiri unipikie."

"Mjaluo akipika, utahamia."

"Nani kakwambia sitaki kuhama?"

Jumapili walikwenda kukaa kwenye miamba ya Bwiru, ziwa likiwa chini yao limetulia, halafu wakashuka kula kwenye vibanda. Evelina alikuwa mwepesi wa kila kitu. Mhudumu alikuwa hajafungua mdomo, yeye ameshaagiza: "Sato wawili, ugali, na huyu muongezee pilipili." Okomo akacheka.

"Mimi nilitaka maini."

"Utampenda huyu sato."

"Nitampenda, ndiyo. Lakini nilitaka maini."

Alimla sato yule mpaka mifupa, na Evelina akaona kwamba alikuwa amemchagulia vizuri. Alikuwa binti wa kwanza wa nyumba ya watoto saba pale Kisesa, amezoea kuamua nani avae nini na nani alale wapi, na kwake kumwamulia mtu ndiyo ilikuwa namna ya kumpenda. Hakuwahi kufundishwa nyingine.

Mwezi wa sita likaja tangazo la mashindano ya ubunifu ya vyuo, kutoka taasisi moja ya Dodoma. Mshindi angekwenda Arusha mwaka mzima kwenye karakana kubwa, apewe vifaa na mafundi, atengeneze mashine kumi. Waamuzi wangetazama karatasi na picha, na kitengo cha habari ndicho kilichopewa kazi ya kujaza fomu. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Ijumaa hiyo Evelina alikaa mbele ya kompyuta na fomu mbili. Ya kundi ilitaka sahihi za wabunifu wote. Alimpigia karani wa mashindano.

"Mmoja wao amefariki," alisema.

"Pole sana. Basi sahihi ya mrithi, na barua."

"Mrithi yuko Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Saa kumi hatafika."

"Kuna fomu ya mbunifu mmoja, dada. Hiyo inataka sahihi moja tu."

Okomo alikuwa amekwishaacha sahihi yake Jumatano, kwenye karatasi ya mwisho, iliyokuwa sawa kwa fomu zote mbili, kwa imani, kwa sababu aliyemwambia asaini alikuwa mpenzi wake. Saa saba mchana alipiga simu kama kawaida yake. Waliongea dakika kumi na moja, juu ya ovaroli mpya, juu ya bibi yake wa Shirati aliyekuwa anaulizia huyo Msukuma analetwa lini. Evelina alikuwa na swali kwenye ulimi. Alijua pia jibu lake. Angekataa, na Arusha ingepotea, na mtu mwenye mikono ile angeishia kuchomelea mageti ya watu pale Buzuruga. Akasema, "Nakupenda, Fundi, ngoja nimalizie kazi," akakata. Halafu akaweka alama kwenye kisanduku cha mbunifu mmoja, akafuta jina la Luhende kila lilipotokea, akatuma saa tisa na dakika hamsini. Roho ilimuuma kidogo. Akaipoza kwa kujiambia kwamba marehemu hana haja na Arusha.

Mwezi wa tisa barua ya ushindi ikaja. Okomo alikuwa kwenye mtihani, simu imezimwa. Bwana Revocatus alitoka ofisini kwake akikimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Evelina! Andika sasa hivi! Kijana wetu, mwenyewe, peke yake, kawashinda wote! Iandike hivyo hivyo!"

"Bosi, labda tungesubiri atoke kwenye..."

"Tusubiri nini? Na ule mkataba wako nimeshasaini, wa kudumu. Mlete huyo kijana nimkumbatie."

Ikapanda saa nane. Picha kubwa, Okomo akicheka kando ya mashine, na chini yake maneno haya: "Mwanafunzi aliyebuni peke yake." Evelina aliyasoma mara mbili. Akabonyeza.

Ng'ambo, kwenye mwalo wa mama Luhende, jirani mmoja mwenye simu nzuri alimsomea yule mama habari hiyo kwa sauti. Mama hakulia wala hakutukana. Aliomba apigiwe namba ya Okomo, akamuuliza neno moja tu: "Mwanangu, kumbe ulikuwa peke yako?"

Okomo alifika ofisini kwa Evelina saa kumi na nusu akiwa bado na kalamu ya mtihani mkononi. Hakuketi.

"Nani kaandika peke yake?"

"Nath, kaa kwanza."

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Na fomu?"

"Mimi. Ya kundi ilitaka sahihi ya Luhende. Ningeitoa wapi, Nath? Ningeitoa wapi sahihi ya mtu aliyekufa?"

"Nilikupigia simu siku ile. Tuliongea mpaka habari za bibi."

Kwa bahati mbaya Bwana Revocatus alichungulia mlangoni wakati huo huo, uso umejaa furaha. "Ndiye huyu! Hongereni wote wawili! Mmoja Arusha, mmoja ajira ya kudumu!" Akaondoka akipiga makofi.

Okomo alimgeukia Evelina. "Kumbe ajira," alisema.

"Hapana! Nilifanya kwa ajili yako!"

"Mimi sikukuomba. Yule mama alinilisha miaka miwili, Evelina. Kila nilipokwenda kwake nililala kitanda kimoja na mwanaye. Sasa ananiuliza kama nilikuwa peke yangu, na sina jibu." Akageuka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kumwita Evelina, na jina lake mwenyewe likamuuma kuliko matusi.

Zikafuata siku kumi na moja ambazo sitamtakia hata adui. Evelina alipiga simu asubuhi, haikupokelewa. Alipiga mchana, haikupokelewa. Alikwenda karakana, akaambiwa Okomo hajaonekana. Alikwenda kwenye chumba alichopanga Nyegezi, akakuta kufuli. Ujumbe wake ulikuwa ukifika, anaona umesomwa, jibu halirudi. Pale chuoni walikuwa wamening'iniza bango getini lenye sura ya Okomo, urefu wa mtu na nusu, akicheka, kwa hiyo kila asubuhi alilazimika kupita chini ya kicheko kile kwenda kukaa kwenye kiti chake cha kudumu. Chakula kilimshinda. Rafiki yake Winnie, wa idara ya uhasibu, alimletea uji kwenye chupa akamsimamia kama mgonjwa.

"Kunywa. Mwanaume akisoma ujumbe bado anakupenda. Angekuchukia angekufungia."

"Ananiona mwizi, Winnie. Ananiona nimeuza maiti nipate ajira."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaandika ukweli. Wote. Aone kwamba ajira si kitu kwangu."

"Umemwambia?"

"Hapokei simu! Ataona mwenyewe."

Winnie alikunja uso. "Mwandikie kwanza yeye. Muulize."

"Nimuulize nini? Si ndicho anachokitaka?"

Ijumaa, saa tisa alasiri, wakati Bwana Revocatus yuko kikaoni, Evelina alipandisha habari kwenye Habari na Mafanikio kwa mara ya mwisho. Aliandika kwamba mashine ilibuniwa na marehemu Luhende pamoja na Nathaniel Okomo, kwamba taarifa iliyotumwa Dodoma haikuwa ya kweli, kwamba yeye Evelina Shimba aliijaza kwa kujua, na kwamba Okomo hakushirikishwa. Hakujihurumia hata mstari mmoja. Nakala akaituma kwa waandaaji wa mashindano. Ilikuwa ndiyo habari bora kuliko zote alizowahi kuandika, na alipomaliza alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Saa kumi alikuwa hana kazi. Bwana Revocatus hakupiga kelele, aliketi tu akiwa ameshika kichwa, akasema, "Binti, umetuchoma wote." Jumamosi asubuhi barua pepe ya Dodoma ikaja: chuo chenyewe kimekiri kwa maandishi kwamba taarifa ilikuwa ya uongo, kwa hiyo ushindi umefutwa na nafasi ya Arusha imepewa mwingine. Evelina alilitegemea hilo. Alilia kidogo kwa ajili ya Arusha, lakini ndani ya kilio kulikuwa na matumaini, kwa sababu sasa walikuwa wamepoteza wote wawili sawasawa, na watu waliopoteza pamoja wanaweza kuanza pamoja. Akapiga simu. Safari hii ikapokelewa.

"Nath! Umeona?"

"Nimeona." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Niko Mwanza leo. Njoo kwenye kivuko cha Kamanga. Navuka saa nane."

Alivaa gauni la kijani ambalo Okomo alikuwa amelisifu, akapaka mafuta midomoni, akasuka vizuri zile nywele za mbele zilizokuwa zimefumuka. Kwenye bajaji alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi, na nyuma ya maneno hayo, mnisamehe kwa kumsema, alikuwa ameanza kupanga na mwezi wa kwenda Shirati.

Kivukoni watu walikuwa wamejipanga na mizigo yao, ndizi, magodoro, kuku wamefungwa miguu. Okomo alisimama kando ya uzio na begi moja begani. Alikuwa amekonda. Evelina alimsogelea polepole.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Sengerema. Kwa mama Luhende."

"Amekusamehe?"

"Siku ya nne. Siku tatu za kwanza nilikuwa naanika naye dagaa, hasemi kitu. Siku ya nne akaniambia, nenda Arusha, baba. Mashine hizo kumi ziandikwe jina la mwanangu, ya kwanza iletwe hapa kwangu. Nikampigia karani wa Dodoma. Nikamweleza yote. Akasema linatengenezeka, tulete barua, mimi na mrithi, jina la Luhende litaongezwa kabla ya siku ya kukabidhiwa tuzo. Wasingeliita kosa, wangeliita nyongeza."

Evelina aliushika uzio.

"Mama hajui kuandika," Okomo aliendelea. "Ameweka dole gumba. Hiyo ndiyo sahihi ya Luhende, Eve, ilikuwa inapatikana. Barua ilikuwa ifike Jumatatu. Wewe ukaandika Ijumaa."

"Sikujua."

"Najua hukujua."

"Mbona hukuniambia? Nilikupigia siku kumi na moja!"

"Nilikuwa na hasira. Nilitaka uteseke kidogo kwanza, halafu nikwambie. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mama ameshashona gauni, unajua? La zambarau, la kupandia jukwaani. Alikuwa analijaribu mbele yangu, anauliza kama linamkaa. Sasa navuka kwenda kumwambia alikunje."

Evelina akaanza kulia, kilio kisicho na sauti. Watu wa foleni waligeuza nyuso kwa adabu.

"Nilitaka kukurudishia heshima yako. Nilipoteza kazi, Nath. Niliitupa mwenyewe!"

"Naamini. Sasa naamini kwamba haikuwa ajira. Na hilo ndilo linaloniumiza, maana ingekuwa ajira ningekuchukia, mambo yakaisha." Alimshika mkono, vidole vyake vikiwa na magamba makavu ya dagaa. "Mara ya kwanza ungeniuliza, ningekataa. Mara ya pili ungeniuliza, ningekuomba unyamaze siku tatu. Zote mbili nilikuwa na jibu. Zote mbili ulinijibia."

"Nitabadilika."

"Labda utabadilika."

"Nitakwenda mwenyewe Dodoma, nitawapigia magoti, nitawaambia..." Akasita. Alijisikia akiongea, akaona anachokifanya, akaziba mdomo kwa mkono.

Filimbi ya kivuko ikalia. Foleni ikaanza kusogea, mwenye godoro akawapita, kuku wakapiga kelele. Okomo aliweka sawa mkanda wa begi lakini hakuondoka bado. Evelina alijua vizuri kabisa alichotaka kusema. Alitaka kusema nitakusubiri, nitakuja Jumapili, tutaanza upya, na maneno yote hayo yalikuwa tayari kinywani. Akayameza. Akamtazama machoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamuuliza jambo ambalo hakulijua jibu lake.

"Unataka nikusubiri?"

Okomo hakuharakisha. Alilitazama ziwa, akamtazama tena yeye, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi kama ya kwake.

"Hapana, Eve."

Evelina alikuwa na mengi ya kujibu. Alitikisa kichwa kukubali, akauachia mkono wake, akasimama pale pale kwenye uzio mpaka kivuko kilipong'oa nanga, na mara hii hakuongeza neno.